Usiiguse Kompyuta ya Baba

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote, na zikukute wewe na wote walio chini ya dari yako mkiwa na afya. Kile kikohozi chako kimepona, au bado unasema ni vumbi la ofisini tu? Mama anauliza hivyo kila siku, na mimi namjibu kwamba umepona, kwa hiyo tafadhali uwe umepona kweli nisije nikaonekana mwongo. Sisi huku tu wazima. Mguu wa Mama unamsumbua asubuhi na kumwacha mchana, na mimi bado ni yuleyule Chiriku, mdomo haupumziki.

Najua utashangaa kupata barua kutoka kwangu wakati simu zipo. Lakini simu ya nyumba hii unaijua. Ukipiga, Mama anaweka sauti ya nje, Baba anavuta kiti, jirani anakusalimia kutokea dirishani, na mwisho wake tunazungumzia mvua. Habari niliyo nayo haifai kusikilizwa na dirisha. Kaa chini uisome taratibu.

Nianze na kompyuta, maana ndiyo unayoiulizia kila ukipiga. Unakumbuka ulivyoileta karakanani umeizungushia blanketi kama mgonjwa, ukaiweka kwenye meza ya dirishani karibu na mashine ya kuchongea. Baba aliizunguka kwa mbali, kisha akakwambia kwamba yeye amechonga mihuri kwa kisu tangu ujana wake, herufi zikiwa kinyumenyume, na hajawahi kuhitaji umeme ili kujua R inageukia wapi. Baada ya mwezi hivi ilikuwa imemteka. Akawa anaipangusa kwa kitambaa laini kuliko anachopangusia miwani yake, jioni anaifunika kwa shuka, na ole wake atakayeigusa. Mimi mwenyewe, ninayekaa naye humo kutwa nikibandika mipira kwenye vishikio na kusugua kingo za vibao, sikuruhusiwa hata kuizima.

Na unakijua kile kidirisha kinachojitokeza pembeni kusema kwamba kuna masasisho mapya, usakinishe sasa au ukumbushwe baadaye. Kwa Baba jibu lilikuwa baadaye. Kila asubuhi, baadaye. Alikizoea kidirisha kile kama unavyomzoea mtu anayebisha hodi kila siku na kuambiwa mwenyewe ametoka.

Mabishano yenu juu ya jambo hilo nimeyasikiliza mwaka mzima, na kwa kuwa sasa nina kalamu mkononi, acha nikiri kwamba asubuhi nilikuwa upande wako na mchana upande wake. Wewe ulikuwa ukisema kompyuta isiyosasishwa ni nyumba iliyoachwa mlango wazi, na wahuni wa mitandaoni wanapita wakijaribu vitasa. Yeye alikuwa akijibu kwamba kompyuta yake haitembei ovyo. Inapokea michoro ya wateja, inachonga, inalala. Akakuuliza ni kazi gani imeshindwa kuifanya, ukakubali kwamba hakuna. Akasema basi mwacheni mwenzenu afanye kazi. Tena alikuwa na mfano wake tayari: mpiga picha wa ng'ambo ya barabara, aliyekubali apdeti jioni moja, na asubuhi yake printa ikajifanya haijawahi kumwona, huku maharusi wamekaa kwenye benchi wakisubiri picha zao. Kila ulipokuwa na hoja, Baba alikuwa na mpiga picha.

Basi, tukapata kazi kubwa. Kituo kipya cha afya kilitaka vibao vya milango yake yote pamoja na mihuri ya kila idara. Aliyekuja kuagiza ni Matroni wao, mwanamke mrefu mwenye sauti ambayo nadhani wagonjwa wakiisikia wanapona ili waondoke. Baba alifurahi mno. Akavaa koti lake safi la kazi, akaniambia sasa watu watakuwa wakiingia kuzaliwa na kutibiwa chini ya herufi zetu.

Makosa yalianza siku za mwanzo kabisa. Kibao cha mapokezi kilitoka bila Z. Cha chumba cha sindano kilitoka na N mbili zimefuatana. Nikaviweka kando, nikamwonyesha. Alivipapasa, akasema kompyuta imechoka, akachonga vingine, na hivyo vikawa sawa. Sikuwaza lolote. Baba ninayemjua hakosei herufi. Unakumbuka alivyokuwa akisahihisha mabango ya madukani tukitembea naye, mpaka tukaona aibu.

Halafu siku moja, nikiwa sokoni, alifunga kifurushi cha kwanza mwenyewe na kukituma kabla sijakipitia. Siku ya pili yake Matroni aliingia karakanani, akafungua mkoba, akatoa kibao na kukilaza juu ya kaunta bila salamu. Kilikuwa kimeandikwa kwa herufi nzuri, zimenyooka, zimekaa katikati kabisa: DAKTARI WA MANENO.

Mama, aliyekuwa kaunta siku hiyo, alikisoma mara mbili, kisha akaangua kicheko mpaka akashika meza. Akamwambia Matroni kwamba daktari huyo kama yupo kweli, mgonjwa wake wa kwanza ni huyu binti yake hapa. Hata Matroni alilegea mdomo kidogo. Baba hakucheka. Alikichukua kibao, akapitisha kidole gumba juu ya herufi polepole, akasema kwamba kompyuta imezeeka sasa, inajaza maneno ambayo hakuiambia. Matroni akajibu kwamba kama ni mgonjwa atibiwe, yeye anarudi wiki ijayo, na akikuta daktari wa maneno mwingine kazi itakwenda kwa watu wengine.

Ulipopiga simu jioni ile, nadhani unakumbuka, ulisema ulimwonya. Ukaanza kujiandaa kwa mabishano, nikasikia kabisa unavyovuta pumzi. Baba akasema, "Haya. Mwiteni fundi." Basi. Hakumtaja hata mpiga picha. Mama alinitazama, nami nikamtazama. Nilidhani umeshinda.

Ulimtuma rafiki yako Fundi Waya, na nakushukuru kwa hilo, kwa sababu ni mtu mwema, mwembamba kama jina lake, anayezungumza na mashine kama yaya anayembembeleza mtoto. Kwanza alinakili kila kitu pembeni, michoro yote, majina yote, mihuri yote ya miaka yote, kama mtu anavyotoa vyombo kabatini kabla ya kulihamisha. Alituambia kwamba kompyuta inayofanya kazi haikimbiliwi kuchokonolewa, ila pia haiachwi milele, na kwamba yeye hagusi kitu kabla hajajua njia ya kurudi. Nikampenda kwa maneno hayo. Baba alimuuliza swali moja tu: "Na vitu vitakaa palepale?" Waya akacheka. "Mzee, vitakaa pazuri zaidi." Baba akatikisa kichwa, akarudi nyuma hatua chache, akaegemea ukuta.

Kaka, asubuhi ile ilikuwa ndefu. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, ikajizima tena. Mama alileta chai ikapoa, akaleta nyingine. Baba alisimama muda wote mikono mgongoni, kama ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Na ilipowaka mwishowe, safi, inang'aa, mashine ya kuchongea ikakataa kuitambua. Ndiyo, yaleyale ya mpiga picha! Waya alitokwa na jasho. Akatafuta, akapakua, akachomoa, akachomeka, akaiomba msamaha. Jua lilikuwa limeshahama dirisha lile ndipo mashine ikanguruma na kusogeza kichwa chake. Tukaijaribu kwa kipande cha plastiki, ikachonga KARIBU, nasi tukapiga makofi.

Kisha Baba akaketi kwenye kiti chake.

Mkono wake ulichukua kipanya ukakipeleka moja kwa moja kwenye kona ya chini, kushoto, bila kusita, akabofya. Pale hapakuwa na kitu. Akasogeza kidogo, akabofya tena. Dirisha likafunguka, akalifunga, likafunguka lingine. Vitufe vyote vilikuwa vimehamia juu, vidogo, vya kijivu. Waya alikuwa akimwelekeza, juu mzee, juu kulia, na Baba alikuwa akiitikia ndiyo, ndiyo, huku mkono ukienda kwingine. Mara mashine ikaanza kuchonga bila kibao chochote, ikachimba juu ya meza yake yenyewe mpaka Waya akaruka kuzima umeme. Baba alisimama. Yeye ambaye hajawahi kumfokea hata paka, alimwambia Waya kwamba aliitwa kutibu na sasa ameua, airudishe kompyuta ilivyokuwa, kisha akatoka nje. Waya alikusanya nyaya zake. Nilimsindikiza mpaka barabarani nikimwomba radhi, akasema yamekwisha, kila kitu anacho, kesho atakuja kuirudisha ya zamani.

Asubuhi iliyofuata niliingia karakanani mapema nikamkuta Baba ameshatangulia. Hakunisikia. Alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, pua karibu iguse. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akainama tena. Akafumba la pili. Kisha akaokota kile kipande cha KARIBU, akafunga macho yote mawili na kukisoma kwa kidole gumba, herufi moja moja, midomo ikicheza.

Sijui nilipata wapi wazo lile, na mpaka sasa linaniuma. Nilimsogelea nikamwamkia, nikamwambia kwamba kuchonga ni rahisi tu, abofye pale juu, penye kitufe cha kijani.

Akasogeza mkono. "Ndiyo," akasema, "nakiona."

Nikamwambia, "Baba, hakuna cha kijani."

Akakiachia kipanya, akaviweka viganja vyake magotini.

"Chiriku," akasema, "sioni."

Nilipiga magoti palepale kwenye vumbi la plastiki, nikakilaza kichwa changu mapajani mwake kama nilipokuwa mdogo, naye akanieleza yote. Ukungu ulianza zamani kidogo. Mwanzoni alidhani ni miwani chafu, akawa anaiosha mpaka akaikwangua. Baadaye herufi zikaanza kuyeyuka, kisha nyuso. Lakini kompyuta ile alikuwa ameshaikariri. Alijua kitufe gani kinakaa wapi, kama unavyoijua nyumba yako umeme ukikatika, unatembea mpaka jikoni usijikwae. Kuisasisha kwake ilikuwa ni mtu kuja kuhamisha kuta. Ndiyo sababu kila siku ilikuwa baadaye, Kaka. Si woga wa printa ya mpiga picha, wala si ukaidi.

Akaniambia kwamba Z iliyokosekana, na N mbili, na daktari wa maneno, yote ni yake. Aliisingizia kompyuta kwa sababu yenyewe haioni haya. Lakini akajikuta kwenye mtego. Akisema kompyuta ni nzima, tungeuliza kosa ni la nani. Akisema ni mbovu, tungeitibu. Alijifungia mwenyewe katikati, mpaka siku ile Matroni alipokuja, akaona hana tena pa kugeukia, ndipo akasema mwiteni fundi. Alijua kabisa kitakachotokea. Alitumaini tu kwamba vitu vitakaa palepale.

Aliniomba nisimwambie mtu. Nikasema Mama lazima ajue. Akacheka kidogo, akasema, "Mama yako anajua tangu siku niliyomimina chai nje ya kikombe, ila anajifanya hajui, na mimi najifanya sijui kwamba anajua." Nilikwenda kwa Mama moja kwa moja, nimefura. Yeye aliendelea kukunja nguo. Akaniambia kwamba njiani amekuwa akitembea upande wa mtaro makusudi, na kwamba wakifika penye mashimo huwa anamwanzishia ugomvi wa bure, ili apate sababu ya kumshika mkono na kusema hebu nisikilize wewe. Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Nilikuwa namsubiri aseme mwenyewe. Mtu aliyeishi kwa macho yake, huyo humsemei."

Tulimpeleka kliniki ya macho, sote watatu. Daktari ni binti mdogo, nadhani hanizidi umri, akammulika, akamgeuza huku na huku, akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, ukungu umekomaa, lakini unatolewa. Ataanza na la kulia, likipona ndipo lifuate la kushoto. Akamweleza kwamba ataondoa kilichofanya ukungu na kuweka kingine kipya mahali pake. Baba akafikiri, akauliza kwa heshima zote kama vitu vitakaa palepale. Daktari hakuelewa ni kwa nini mimi na Mama tulicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia.

Waya alirudi, na Baba alimwomba radhi mbele yetu sote, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Ya zamani haikurudishwa. Waya alizikuza herufi za kompyuta, akaweka rangi nzito, lakini kwa sasa ninayekaa kwenye kiti kile ni mimi. Baba anakaa pembeni kwenye benchi, kila kibao kikitoka anakipitia kwa kidole, na ameshanirudishia viwili. Matroni alichukua mzigo wake wote na kutuongezea kazi ya bohari. Kile cha DAKTARI WA MANENO alitaka kukitupa, Mama akakiomba. Na apdeti yako, kwa kuwa najua unataka kusikia, ni nzuri. Kompyuta inakwenda mbio. Ila nakuomba, ukipiga simu usimtambie Baba.

Sasa nikwambie kwa nini nimeandika yote haya. Baba ndiye aliyenituma. Amekaa hapa mbele yangu, na kila ninapomaliza fungu namsomea. Amenitaka nifute pale aliposema ameikariri kompyuta kama nyumba, eti anaonekana mshairi, nami nimekataa. Alipoisikia habari ya kliniki akasema, "Mwambie na habari ya picha."

Ni ile picha ya mwanao uliyotutumia alipozaliwa, Kaka. Unakumbuka Baba alivyoisifu kwenye simu, kwamba paji la uso ni lake, na macho ni ya Mama, na mdomo, masikini, ni wa shangazi Chiriku. Mtaa mzima uliitiwa uione. Hakuona kitu. Aliona weupe kidogo na weusi kidogo, akasema aliyoyatamani. Amekuwa akiitoa mfukoni na kuishika kwenye mwanga, na mara nyingine, sasa ndipo naelewa, alikuwa ameigeuza juu chini. Leo ameniomba nimweleze huyo mtoto yukoje hasa. Nikamwambia paji la uso si lake, ni la upande wa mkeo, lakini masikio ni yake kabisa, pole kwa mtoto. Alicheka, akatoa leso, akasema vumbi la plastiki limemwingia. Ameniambia hilo pia nilifute.

Upasuaji wa jicho la kwanza ni mwisho wa mwezi huu. Baba anasema usijisumbue, kazi ni kazi, nauli ni ghali, na yeye si mtoto. Hivyo ndivyo alivyonielekeza niandike, nami nimeandika.

Lakini nilipodhani tumemaliza na kuanza kutafuta bahasha, amebaki palepale mbele yangu anakoroga chai ambayo imekwisha kikombeni. Halafu amesema niongeze mstari mmoja. Nanukuu kama alivyosema: "Mwambie asinitumie picha nyingine. Amlete mwenyewe."

Mama anakusalimu, na anasema kikohozi kile kinywewe dawa. Tunawakumbatia nyote. Msalimie mkeo sana, na mtoto mbusu masikio yote mawili kwa niaba ya mwenyewe.

Ni mimi dada yako mdogo akupendaye,
Chiriku.